Wakwe Kutoka Tabora

Ndugu msomaji, ukishuka basi mjini Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, ukaelekea baharini kwa miguu kupitia Mji Mkongwe, tazama mabarazani. Hutawakuta wenyeji peke yao. Aghalabu utawaona pia wazee wa bara, mume na mke, waliokuja kumzuru mwana aliyepata kazi au kuolewa huku. Utawatambua kwa mambo mawili: hawana haraka, na hawana kazi. Kwa mtu aliyeshika jembe miaka 50, hilo la pili ni mzigo.

Niruhusu nikueleze wawili ambao ni majirani zangu kwa mwezi wa pili sasa. Wametoka Tabora. Majina yao siyataji, kwani hawakuomba kuandikwa gazetini. Binti yao ni mwalimu. Mumewe ni kijana wa pwani hii hii. Nyumba yao ina vyumba viwili na sebule, na hapo ndipo palipozuka tatizo. Kwa mila waliyolelewa nayo wazee hawa, mama mkwe hali chakula mbele ya mkwewe wa kiume, wala hawakutani mlangoni pasipo mmoja wao kukwepa. Nyumba ya vyumba viwili haina pa kukwepea. Kijana alipotoa shikamoo uso kwa uso, kama alivyofunzwa na wazazi wake, bibi aliinamisha kichwa akaingia jikoni. Kijana akaona amechukiwa. Bibi akaona amevunjiwa heshima. Juma zima alikula jikoni, na binti, aliye katikati, hakujua amwombe nani radhi.

Ulikuwa mji, msomaji, uliowapa nafasi ambayo nyumba haikuwa nayo. Siku hizi alfajiri, mkwe hajaamka, wazee wamekwisha toka. Hushuka hadi soko la samaki ufukweni, ambako mashua na ngalawa zimerudi, dalali ananadi, na wanawake wanaokaanga samaki wamewasha moto. Mzee husimama nyuma ya wanunuzi akikisia bei kimoyomoyo, kama afanyavyo kwenye mnada wa ng'ombe. Bibi hununua vibua viwili vitatu, baada ya kuuliza bei kwa watu wanne.

Jua likipanda huenda hadi Misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868, wakapumzika chini ya miembe iliyopandwa kandokando ya njia. Miembe hiyo humfurahisha mzee kuliko majengo yote, kwa kuwa Tabora nayo ni mji wa miembe. Hapo husimulia habari za wapagazi wa Kinyamwezi, walioshuka kutoka Unyanyembe na pembe za ndovu mabegani, safari ya miezi miwili au mitatu, wakarudi na nguo na shanga. Njia hiyo ndiyo waliyoifuata akina Chuma na Susi na wenzao, walioubeba mwili wa Livingstone hadi ukafika Misheni hapo Februari 1874. Mji uliozoea wageni wa namna hiyo haushangai kumwona mzee wa bara amekaa barazani. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, watu hawakuwa na sababu tena ya kutembea hadi Bagamoyo. Wazee wetu walikuja kwa basi, na bibi bado anasema safari ilikuwa ndefu mno.

Alasiri ni ya baraza. Mzee hunywa kahawa chungu na hushindwa bao. Hudai kuwa bao la kwao na la huku si moja, jambo ambalo ni kweli ingawa halimsaidii. Bibi naye amefundishwa na wanawake wa jirani kusuka ukili. Mkanda wake wa kwanza ulikwenda upande, wakaufumua pamoja, wakacheka. Sasa anatengeneza mkeka. Na mkwe? Jioni bibi huketi uani, kijana akiwa sebuleni, na mjukuu wa miaka mitano hukimbia kati yao: "Bibi anauliza kama umekula." "Mwambie bibi nimeshiba, nashukuru." Hivyo ndivyo wanavyozungumza, na wanazungumza sana.

Binti angependa wabaki moja kwa moja. Mzee hajakataa, ila kila jioni hupiga simu nyumbani kuuliza kama mawingu yameanza kukusanyika, maana mvua za kwao hutazamiwa Novemba na shamba halijasafishwa. Amekwisha ulizia nauli. Ng'onda wa kupeleka wamefungwa kikapuni, pamoja na chumvi kidogo ya pwani, ambayo bibi anashikilia kuwa haifikii ile ya Uvinza. Mkeka, ambao amemwambia mjukuu kuwa ni wa baba yake, umebakiza mikanda mitatu ya ukili, naye anasuka polepole.