Uungwana Hauuzwi Sokoni

Nataka kuwasimulieni kosa langu, labda litamfaa kijana mmoja.

Nilipokuwa kijana nilichuuza dagaa Kibirizi, karibu na Kigoma. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kisha huanikwa mchangani. Mimi sikuukung'uta mchanga wote; niliuacha ili uzidishe uzito katika mizani. Nilijiona mwenye akili. Siku moja mama mjane aliyenunua kwangu alirudi, akaumwaga mchanga miguuni pangu, akasema kwa upole: "Mwanangu, watoto hawali huu." Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi nikamwungamia baba. Hakunipiga. Alinisimulia habari za Adrian Atiman, mganga wa Karema, kusini katika pwani ya ziwa letu hili.

Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, upande wa mto Niger. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa. Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, naye akajifunza uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, akawa mganga na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Kwa elimu ile angaliweza kutafuta mali kwingine. Yeye alikaa kutibu wagonjwa na kufundisha dini. Mwanawe Yosefu akawa padri.

Kisha baba akaniuliza: "Zamani hapa Ujiji waliitwa waungwana wale wasiokuwa watumwa. Je, kati ya Atiman na wale waliomwuza, mwungwana ni nani?" Nikanyamaza. Akaendelea: "Wewe hukuuzwa na mtu. Umejiuza mwenyewe kwa konzi ya mchanga."

Basi nilichukua dagaa safi, nikampelekea yule mama, nikamwomba radhi. Alipokea, akanisamehe, lakini mwaka mzima hakununua kwangu tena. Jina jema huharibika siku moja, kulitengeneza huchukua siku nyingi. Siku aliporudi kwenye meza yangu nilifurahi kuliko kama ningaliuza gunia zima.

Tangu hapo nimejua kwamba ujanja si hekima. Ujanja hutazama faida ya leo. Hekima humwogopa Mungu na kumjali jirani. Wahenga walisema kweli: uungwana ni vitendo.

Wazazi wapenzi, tuwafundishe watoto wetu hesabu, lakini tuwafundishe pia kukung'uta mchanga. Bwana wetu Yezu Kristu ametukomboa kwa damu yake. Tusijiuze tena.