Kila Kitu Kilikuwa "Dudu"

"Mama, kuna dudu kwenye maharage."

"Dudu gani?"

"Madudu tu, Mama. Meusi. Mengi."

Kimya kidogo kwenye simu. Halafu Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Baba afariki. "Una miaka 34, una digrii ya famasia, na bado unaniambia dudu kama mtoto anayetambaa?"

Nilitaka kubisha, nikakosa la kusema. Waliokulia nje kama mimi watanielewa. Kiswahili cha wengi wetu kilisimama kwenye umri ule ambao wazazi walikuwa wanatukinga na kila kitu. Usiguse, dudu hilo! Usile, chafu! Tulipoanza shule Kiingereza kikachukua nafasi, na yale maneno ya kitoto yakabaki palepale. Kwangu mimi, kila chenye miguu zaidi ya minne kilikuwa dudu, basi.

Sasa, nilikuwa nafanya nini kwenye maharage? Hapa Reading, kama miji mingi ya Uingereza, halmashauri hukodisha viwanja vidogo vya kulima. Baba alisubiri miaka kwenye foleni mpaka akapata cha kwake, nusu kiwanja, kama mita za mraba 125. Alipofariki, majani yakaota mpaka magotini. Ikaja barua: kisipolimwa, atapewa mwingine. Mama akasema wampe tu. Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba. Mimi nikasema nitalima, ingawa sikuwahi kupanda hata kitunguu.

Mama amezaliwa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako kabichi na karoti ni kazi na ni pesa. Kwenda bustanini alikataa, lakini simu alipokea. Akawa bibi shamba wangu wa WhatsApp.

Yale meusi, akaniambia, ni vidukari. Wananyonya utomvu, ndiyo maana ncha za maharage zilikuwa zimejikunja. "Kata ncha, wanapenda palipo laini. Halafu tazama shina. Unaona sisimizi wanapanda na kushuka?"

Niliwaona.

"Hao wanafuata maji matamu yanayotoka kwa vidukari. Ukiona sisimizi wana safari, usiulize, juu kuna vidukari."

Nilikuwa tayari nimenunua chupa ya dawa ya kupuliza. Mama akauliza dawa hiyo ni ya mdudu gani. Nikasema ya wadudu. "Wote?" Hapo nikaona aibu, maana kazini huwa simpi mtu dawa kabla sijamuuliza anaumwa nini. Nikairudisha dukani. Ncha nikazikata kwa mkono, waliobaki nikawaosha kwa maji ya mpira. Baada ya siku chache walikuja mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, wakala vidukari waliosalia. Ningepuliza ile dawa, pengine ningewaua na hao.

Mwezi wa saba ikawa zamu ya sukuma wiki. Vipepeo weupe walikuwa wanazunguka juu ya majani, nami nikawapiga picha, nikaona bustani imependeza. Nikamtumia Mama. Hakujibu kwa maandishi, alipiga simu. "Hao hawajaja kukupamba bustani. Geuza majani."

Chini ya majani kulikuwa na mayai ya manjano yamepangwa kwa mafungu. Mama akaniambia nipite kila asubuhi kabla ya kazi na kuyaponda kwa kidole. Nikauliza habari ya majivu, kwa sababu nilikumbuka Baba akiyanyunyizia. Akaguna. "Baba yako nilimwambia. Majivu yanataka jua. Mvua ya huku haina adabu, ukimwaga asubuhi, mchana yameshaoshwa."

Basi nikaponda. Wiki mbili nzima. Mayai mengine yaliniponyoka, wakatoka viwavi wenye mistari ya manjano na madoa meusi, wakatoboa majani mpaka yakawa kama chujio. Niliwaokota mmoja mmoja na kuwatia kwenye ndoo. Asubuhi moja nikakuta mafungu mengine ya manjano, mengi, pembeni ya viwavi waliolegea. Nikaanza kuyaponda kwa hasira.

Mzee wa kiwanja cha jirani, mtu ambaye nilikuwa nasalimiana naye tu, akaniita. Acha, akasema, hayo siyo mayai. Akanionyesha tofauti. Mayai ya kipepeo yamesimama wima, kama punje ndogo za mahindi. Haya yalikuwa na nyuzinyuzi kama pamba. Ni vifuko vya nyigu mdogo sana, mdogo kuliko punje ya mchele. Nyigu huyo hutaga mayai ndani ya kiwavi akiwa bado mchanga. Mabuu wake hukua humo humo, wanaweza kuwa 20 au zaidi katika kiwavi mmoja, kisha hutoka na kujisukia vifuko hivyo. Kiwavi hufa. Yaani muda wote ule nilikuwa nawaponda walinzi wangu.

Nikampigia Mama, nusu nikimlaumu. Yeye ndiye aliyesema ponda cha manjano. Alinyamaza. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akikisema kuhusu mboga: "Hicho sikijui. Sijawahi kukiona."

Nikangoja.

"Kesho unakwenda saa ngapi?"

Alikuja na khanga kichwani na koti la mvua. Kwenye banda la vifaa akakuta mabuti ya Baba, akayavaa bila kusema neno, yakawa yanampwaya. Akaenda moja kwa moja kwenye sukuma, akainama, akageuza jani, akavaa miwani, akalitazama kwa muda mrefu. "Kumbe," akasema. "Kumbe nyigu naye ni mkulima." Halafu akageuka kuangalia kiwanja chote, akauliza nani aliniambia nipande vitunguu kivulini.

Siku hiyo tulikaa mpaka jioni. Tulipinda mabomba ya plastiki yakawa matao, tukatandika wavu juu yake. Mama alihakikisha wavu haugusi majani, kwa sababu ukigusa, kipepeo anatua juu na kutaga kupitia matundu. Yale majani yenye vifuko tuliyaacha yalivyo. Akawa ananitajia majina kila tulipokutana na mwenye jina: konokono, jongoo, nyungunyungu. Kuna mmoja hakumjua. Akasema, "Huyo ni dudu," tukacheka mpaka jirani akageuka.

Jioni aliloweka sukuma kwenye maji ya chumvi kabla ya kukatakata. Akaelea kiwavi mmoja wa kijani kitupu, rangi ileile ya jani, ambaye macho yangu yalimpita mara zote. Mama akamtoa kwa kijiko, akamwonyesha kwangu kama mwalimu anayerudisha mtihani.

Barua ya halmashauri imekuja tena mwaka huu, ila sasa ni ya ada. Nilipomwambia nitalipa, Mama akasema tugawane, na jina lake liandikwe pamoja na langu. Mabuti ya Baba bado yako bandani. Amenunua soksi nene ili yasimpwaye.