Kufyata na Kufyatua

Haraka haraka haina baraka, walinena wahenga. Methali hii imetajwa darasani mara nyingi hata ladha yake ikachujuka. Hata hivyo, kwa mlenga shabaha mmoja wa Matayos, katika Kaunti ya Busia, ilirudi ikiwa na uzito unaoweza kupimwa kwa gramu.

Mlengaji huyo ni mfanyabiashara wa nafaka. Magunia ya mahindi humpeleka Busia na Malaba wiki nenda wiki rudi, na bastola yake anaimiliki kwa leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Mchezo wa shabaha aliuanza akiwa mtu mzima. Maadamu uwanja wa Kirigiti, Kiambu, uko mbali mno na mpaka wa Uganda, mazoezi yake mengi huyafanyia nyumbani, bila risasi hata moja: chemba iliyokaguliwa mara mbili, ukuta mtupu, na kidole kinachojifunza subira.

Baada ya misimu kadhaa aliazimia kuundiwa bastola ya mashindano. Mtutu, mshikio na vilengeo havikumsumbua. Kilichomnyima usingizi ni kifyatulio, kile kipande cha chuma ambacho mtaani huitwa triga.

Mbele yake palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni ya bastola za jamii ya M1911, aliyoibuni John Browning wa Marekani. Humo nyundo hutangulia kuvutwa nyuma, ikazuiwa na jino dogo la chuma. Kazi ya kifyatulio ni kuliondoa jino hilo tu. Kwa hiyo mvuto wake huwa mfupi, na mafundi huweza kuushusha hadi karibu kilo moja. Ya pili ni ya CZ 75 kutoka iliyokuwa Chekoslovakia, ambayo kifyatulio chake kinaweza kuivuta nyundo na kuiachia kwa mvuto mmoja. Risasi ya kwanza huwa nzito, zinazofuata huwa nyepesi. Ya tatu ni ya Glock 17 ya Austria, isiyo na nyundo ya nje. Pini yake hukaa ikiwa imevutwa nusu, kidole kikaimalizia safari, na mvuto wa kiwandani hukaribia kilo mbili na nusu kila mara.

Kama ilivyo desturi ya wanagenzi, alivutiwa na wepesi. Alimpelekea fundi bastola aliyokuwa nayo, springi zikalegezwa, jino likasuguliwa. Nyumbani, mbele ya ukuta, chombo kilikuwa kitamu kama asali. Kwenye mashindano, pumzi ikiwa juu na jasho vidoleni, risasi ilitoka kabla nia haijatoka. Ilizama ardhini hatua chache mbele ya miguu yake. Hakuna aliyeumia. Msimamizi alimwamuru aitue silaha chini, akamwondoa mashindanoni papo hapo, kama kanuni zinavyodai. Mlengaji hakubisha. Njia nzima ya kurudi Matayos alikuwa akiwaza jambo moja: kwamba hatua zile chache zingeweza kuwa mguu wa mtu.

Aibu hiyo aliifikisha kwa baba yake, mzee aliyesomesha watoto kwa kufyatua matofali. Ilimbidi aeleze mtambo mzima kwa Kiswahili, na katika kueleza akajikuta akirudia kitenzi kilekile ambacho mzee alikuwa amekitumia maisha yake yote.

"Baba, risasi ilifyatuka kabla sijaifyatua."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, kufyatua si kazi. Mtoto yeyote huweza kuinua kalibu. Kazi ni kuushindilia udongo mpaka ushikane. Ukiinua kabla haujashikana, tofali hupoteza pembe, na pembe hairudi."

Mwanafunzi wa mofolojia angemwelewa mzee huyo upesi. Katika funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, kitenzi chenye -ua hutengua kilichofanywa na mwenzake. Vivyo hivyo fyata na fyatua. Mbwa hufyata mkia. Mwenye busara hufyata ulimi. Kufyata ni kubana, kushika, kuzuia. Basi hakuna kufyatua pasipo kufyata kwanza, na chombo kisichojua kufyata hakistahili kuitwa kifyatulio. Hicho ni ajali inayongoja siku yake.

Ni jambo la kutia moyo kwamba hata kanuni za kimataifa zimeuthamini upande huo wa neno. Chini ya kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Shabaha, kifyatulio cha bastola ya hewa ya mita 10 sharti kihimili gramu 500, na cha bastola ya mita 25 gramu 1,000. Mwamuzi hutundika jiwe la mizani kwenye kifyatulio, mtutu ukielekea juu. Bastola huinua jiwe hilo, na mtambo haupaswi kuachia. Hakipimwi kasi yake ya kuachia, hupimwa uwezo wake wa kushika. Bastola huru ya mita 50, ambayo haikuwekewa kiwango cha chini, iliondolewa katika Olimpiki baada ya Rio ya mwaka 2016, ingawa kwa sababu nyingine.

Mlengaji alirudi kwa fundi aliyeidhinishwa akiwa na ombi tofauti. Alichagua mtambo wa nyundo wa jamii ya M1911, ila uzito uwe karibu kilo moja na nusu, na jino lishike kwa kina cha kutosha. Juu ya yote alitaka kizingiti kinachohisika: kidole kisafiri kidogo, kikutane na ukuta, kipumzike hapo, na kiwe bado na nafasi ya kughairi. Vilinda usalama vyote vibaki mahali pake. Fundi alimwonya kwamba atapoteza sehemu ya sekunde kwa kila risasi. Alijibu kwamba sehemu hiyo ndiyo anayoinunua.

Hajashinda kombe lolote tangu hapo, na huenda asishinde. Jioni, chemba ikiwa tupu, husimama mbele ya ukuta wake, akakileta kidole hadi kizingitini, akakiacha hapo kwa pumzi mbili. Mara nyingine hughairi makusudi, akakirudisha kidole nje. Baba yake, akipita mlangoni, humtazama asiseme neno.