Land Cruiser ya marehemu baba: tung'oe au tutengeneze?

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuacha mali nyingi. Baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa, kilichobaki kilikuwa akiba ndogo benki na Toyota Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978, iliyokuwa imesimama uani kwake San Diego, katika jimbo la California, kwa zaidi ya miaka mitatu. Aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa hesabu ya mirathi mama hupata thumuni, na saba ya nane inayobaki ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Hesabu ikakaa bila kusaza: mama fungu moja, dada zetu moja moja, wanaume mawili mawili. Mafungu manane katika gari moja.

Gari haligawanyiki kwa msumeno. Huuzwa, zikagawanywa fedha. Lakini California gari la petroli la mwaka 1976 na kuendelea hupimwa moshi kila baada ya miaka miwili, na likiuzwa, cheti cha kipimo ni juu ya muuzaji. Ya mwaka 1975 na kurudi nyuma yamesamehewa. La baba lilikuwa limeuvuka mpaka huo kwa miaka mitatu tu! Tena mkaguzi haridhiki na kupima moshi peke yake. Hufunua boneti akaangalia kama kila chombo kilichofungwa kiwandani kwa ajili ya kupunguza uchafu wa moshi bado kipo mahali pake.

Hapo ndipo ndugu tulipotofautiana.

Land Cruiser tulizozizoea Mombasa tangu utotoni, ukifunua boneti unaona injini, kabureta, na mipira michache. Hii ya soko la Marekani ilikuwa na injini ile ile ya 2F, silinda sita, lita 4.2, lakini juu yake kulikuwa na msitu wa mipira myembamba, valvu, vikopo na nyaya. Nayo ilikuwa mgonjwa. Ikiwashwa inatetemeka, ikiachwa bila kukanyagwa mafuta inazima. Kaka yetu mkubwa, ambaye mkono wake katika ufundi ni mwepesi, alitoa rai ya kung'oa msitu wote, kuziba matundu na kumuuzia mtu wa jimbo lisilopima moshi. Si rai ya ajabu. Wapenzi wengi wa magari haya wamefanya hivyo, na kuna wanaouza vibati vya kuzibia vilivyokwisha kukatwa.

Tukampigia simu dada yetu aliyeko Mombasa, kwa kuwa naye ana fungu. Alisikiliza, kisha akauliza, "Kaka, na fungu langu mimi linang'olewa kwa idhini ya nani?" Kaka akanyamaza. Tukakubaliana kwamba kabla ya kung'oa hata mpira mmoja tutajua kwanza kila kimoja kazi yake.

Kazi hiyo ilituchukua Jumamosi nne. Chini ya boneti ya magari ya Marekani hubandikwa karatasi yenye mchoro wa mipira ya mvuto wa hewa. Ya baba ilikuwa imepauka, lakini ilisomeka. Tulikata vipande vya plasta nyeupe, tukaandika namba, tukavifunga kila mwisho wa mpira, na kupiga picha kabla ya kugusa chochote. Anayevuta mipira bila kuweka alama hatengenezi, anabahatisha.

Kilichokuwa rahisi kutambua ni pampu ya hewa. Imekaa mbele ya injini na huzungushwa kwa mkanda kama feni. Hewa yake hupita katika bomba lenye vijiti sita vinavyoingia kwenye kichwa cha injini, kila kimoja kwenye tundu la kutolea moshi la silinda yake. Petroli ambayo haikuungua ndani hukutana na hewa hiyo ingali moto, ikamalizikia kuungua njiani. Kuipima si kazi. Injini ikiwa inanguruma, ondoa mpira wa pampu uweke kiganja. Upepo upo au haupo. Wa kwetu ulikuwapo.

Valvu ya kurudisha moshi ndiyo inayolaumiwa kuliko zote, kwa sababu jina lake linaudhi. Nani atake moshi urudi ndani? Lakini moshi huo ukirudishwa kidogo hupoza mwako katika silinda, na mwako ukipoa hupungua zile oksidi za nitrojeni ambazo ndizo mama wa ukungu wa kahawia. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Arie Haagen-Smit, wa chuo cha Caltech, alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles hutokana na mvuke wa petroli na oksidi hizo vikipikwa na jua. Mvuke wenyewe una mlinzi wake, kopo la mkaa linalounganishwa na tangi, ambalo huushika gari likiwa limesimama na kuurudisha kwenye injini likiwaka. Asiyelijua kopo hilo hulitupa mwanzo, kisha akashangaa gereji kunuka petroli.

Ugonjwa tuliupata katika valvu ya kurudisha moshi. Valvu hiyo yapasa kufunga kabisa gari likiwa limesimama linanguruma. Ya baba ilikuwa imegandishwa na masizi ikabaki wazi kidogo, na moshi ukawa unaingia wakati ambapo injini haiuwezi. Fundi mmoja wa zamani, tusiyemjua, aliona mtetemeko huo akachomeka skrubu katika mpira wa valvu, akidhani ameizima. Haikuzimika, kwa sababu kilichoizuia kufunga hakikuwa mvuto wa mpira bali masizi. Tena mipira mitano ilikuwa imepasuka, na miwili imebadilishana mahali. Kumbe gari halikuwa na vyombo vingi kupita kiasi. Vyombo vilikuwa havijatunzwa.

Kung'oa tuling'oa, lakini kwa nia ya kurudisha. Valvu ilitoka, ikasuguliwa na kulowekwa hadi ikacheza, ikarudishwa kwa gasketi mpya. Bomba la vijiti sita ndilo lililotutoa jasho. Lilikuwa limetoboka kwa kutu, na nati zake hukaa katika joto la moshi miaka nenda miaka rudi mpaka zikawa kama zimechomelewa. Ukizilazimisha hukatikia ndani ya kichwa cha injini, na hapo hasara inaweza kupita bei ya bomba mara nyingi. Tulizinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni tatu mfululizo, tukazipasha moto, tukazifungua robo mzunguko kwenda na robo kurudi. Bomba zima tulilinunua kwa mtu aliyeng'oa la kwake. Wanaong'oa ndio wanaowauzia wanaotengeneza.

Tukingali kazini, kaka alirudia hoja yake kwamba mnunuzi wa jimbo jingine hatajali. Tukamjibu kwa mambo mawili. Sheria ya nchi nzima ya hewa safi, ya mwaka 1970 na marekebisho yake, inakataza kuviondoa vyombo hivi, pawe na kipimo cha moshi au pasiwe, na sisi tumeingia nchi hii kwa ahadi ya kufuata sheria zake. La pili ni la dini yetu kabla ya kuwa la Marekani. Kisa cha Mtume (S.A.W.) na rundo la nafaka sokoni, kavu juu na bichi chini, tumefundishwa tangu chuoni. Gari lililozibwa matundu likapakwa rangi ni rundo lile lile. Na kanuni ya fikihi ya kutodhuru wala kudhuriana haikumtoa jirani anayevuta moshi wako kwa kuwa hamjuani.

Gari lilipita kipimo mara ya kwanza. Katika tangazo la kuuza tuliandika kutu iliyo chini ya sakafu, giaboksi inayolia katika gia ya pili, na kwamba bomba la hewa ni la mkono wa pili. Mnunuzi wa kwanza aliisoma orodha hiyo akaenda zake. Wa pili aliisoma akapunguza bei kidogo, akalipa. Fedha zikagawanywa mafungu manane usiku ule ule, na la dada likatumwa Mombasa asubuhi. Kaka hadi leo anashikilia kwamba bila ile pampu gari lingekuwa jepesi zaidi mlimani. Huenda kwa kiasi kidogo ni kweli, maana mkanda wowote unaozungushwa na injini hula nguvu zake.