Jina la Kumi na Nne



Vijana wetu wa VIWAWA waliniomba tangu Kwaresima niandike juu ya fedha, hasa kwa ajili ya wale wanaoanza kazi na kuushika mshahara wao wa kwanza. Nimekuwa nikiahirisha. Si kwa kukosa la kusema, bali kwa sababu kile kidogo ninachokijua juu ya jambo hili nilikijifunza kwa namna isiyonipa sifa. Leo nakiandika kama kilivyotokea. Mhusika mwenyewe ameniruhusu, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Jumamosi moja ya Septemba 2023 nilikuwa sakristia nikijiandaa kwa Misa ya jioni, simu ikaingiza ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulisema kwamba fulani ni tapeli, amekula fedha za watu, na kwamba mimi niliye mtu wake wa karibu nimwambie alipe kabla picha yake haijasambazwa. Nilidhani ni ndugu zao wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, nikaufuta. Lakini kabla usiku haujaingia nikapata habari kwamba ujumbe ule ule umemfikia mkuu wa shule anakofundisha, mwenye nyumba aliyompangisha zamani, mama yake mdogo, na karibu nusu ya kwaya. Jumapili hiyo Mwalimu hakuonekana kanisani, wala iliyofuata.

Nilimkuta chumbani kwake siku ya Jumatatu. Alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti pekee kilichokuwepo, yeye akaketi kitandani. Sikuwa na hekima yoyote ya pekee, basi nikaomba karatasi na kalamu, nikamwambia, “Mwanangu, tuanze na mshahara.”

Hapa sina budi kukiri jambo. Mimi sijawahi kupokea hati ya mshahara maishani mwangu. Seminarini tulifundishwa riba kwa kirefu, kwa kumfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na nadhani nilifaulu vizuri. Lakini hakuna aliyetufundisha kuisoma karatasi ile ndogo ambayo kila mfanyakazi hupewa mwisho wa mwezi, nami nilikuwa nimewahubiria wafanyakazi miaka mingi bila kuijua. Ni Mwalimu aliyenisomea mstari kwa mstari.

Mshahara wake wa msingi katika shule ile ya binafsi ulikuwa shilingi 600,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii ulichukua asilimia 10, yaani 60,000. Kwenye 540,000 zilizobaki kodi ya mapato kwa viwango vya mwaka ule ilikuwa 24,000. Zikabaki 516,000. Hizo ndizo alizopokea Januari, Februari, Machi na Aprili, akaziona ni nyingi, na kwa kijana aliyekuwa akiishi kwa fedha za kujikimu za chuo zilikuwa nyingi kweli. Mwezi Mei, jina lake lilipokwisha kuwafikia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, akaanza kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama sheria inavyotaka: 90,000. Zilizoingia mkononi zikawa 426,000.

Tukaandika matumizi. Kodi ya chumba 70,000. Chakula 150,000. Nauli, umeme na maji 50,000. Nyumbani kwa mama, kwa ajili ya wadogo zake, 100,000. Jumla 370,000. Tazameni sasa tofauti: mwezi Aprili alibakiwa na 146,000 baada ya mambo yote ya lazima, na mwezi Mei alibakiwa na 56,000. Maisha yake hayakubadilika hata kidogo, hakuongeza shati wala soda. Aliyapanga kwa mshahara wa Aprili, akayaishi kwa mshahara wa Mei.

“Mkopo wa kwanza ulichukua lini?” nikamuuliza.

“Mwezi wa saba, Padre.”

“Ulikuwa wa nini?”

Akanyamaza. Nikarudia swali, kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa ya kipadre zaidi kuliko ilivyohitajika. Akatazama sakafuni, akasema, “Ulikuwa wa paa, Padre.”

Wengi wenu mnaikumbuka Jumapili ya Mchungaji Mwema mwaka ule, tarehe 30 Aprili, tulipofanya harambee ya paa la kigango. Niliiongoza mwenyewe. Watu walisimama mmoja mmoja wakitaja ahadi zao, nami nikiwapigia makofi. Mwalimu aliahidi 200,000 kwa miezi miwili, na kwa hesabu ya mshahara wa Aprili haikuwa ahadi ya kichaa. Juni ikaisha. Jumapili moja ya mwishoni mwa Julai, baada ya matangazo, nilisoma kwa sauti majina ya waliokuwa hawajatimiza ahadi zao. Nilifanya hivyo kwa nia njema, na kwa utani kidogo, kama desturi yetu ilivyokuwa. Jina lake lilikuwa la kumi na nne. Mchana ule ule alipakua programu ya mikopo katika simu yake, na siku ya Jumanne akaleta shilingi 200,000 ofisini. Stakabadhi niliitia sahihi mimi.

Sasa tuitazame hesabu ya mkopo wenyewe, kwa maana hapa ndipo vijana wengi wanapopotelea. Aliomba 200,000. Simu ikamwingizia 160,000, kwa kuwa 40,000 zilikatwa papo hapo kwa jina la ada ya huduma. Akajazia 40,000 za kwake ndipo ahadi ikatimia. Baada ya siku 14 alitakiwa kurudisha 220,000. Tangazo lilisema riba ni asilimia 10. Lakini mtu huitumia fedha aliyoipokea, wala si ile aliyoiomba. Alipokea 160,000, akadaiwa 220,000. Gharama ni 60,000, ambayo ni asilimia 37.5, tena kwa majuma mawili! Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wa namna hii chini ya leseni ya Benki Kuu, na kikomo kilichotangazwa kwao kilikuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisheni wenyewe.

Siku ya 14 ilipofika hakuwa nazo. Akakopa kwenye programu ya pili ili ailipe ya kwanza, kisha kwenye ya tatu ili ailipe ya pili. Nilimchorea mambo yanavyokwenda endapo mtu halipi kitu kutoka mfukoni ila anahamisha deni tu kwa masharti yale yale: 160,000 inakuwa 220,000, kisha 302,500, kisha karibu 416,000, kisha karibu 572,000. Hayo ni majuma manane. Mwalimu hufundisha hisabati kidato cha tatu. Aliitazama safu ile ya tarakimu kwa muda mrefu, akasema mada hiyo ameifundisha mara mbili, riba juu ya riba, na hakuwahi kuitambua ilipoingia chumbani kwake.

Yeye alikuwa amelipa sehemu kwa kujinyima chakula, kwa hiyo deni lake siku ile lilikuwa 380,000 pamoja na faini. Na ile aibu ya jumbe? Alipoweka programu katika simu, iliomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wote aliowahifadhi. Akabonyeza kukubali, kama sisi sote tunavyobonyeza bila kusoma. Rehani yake haikuwa shamba wala baiskeli. Rehani ilikuwa ni sisi, watu wanaomheshimu. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini, nilimpelekea orodha hiyo, akanijibu kwa neno moja tu: “Afadhali.”

Nilirudi parokiani nikiwa na hoja, nikaipeleka kamati ya fedha: turudishe zile 200,000. Kamati ilikataa. Mzee mmoja alisema sadaka ikishatolewa imetolewa, na kwamba tukianza kurudisha hatutajua pa kuishia. Sikumlaumu, kwa sababu ana haki kwa upande wake, na paa lilikuwa wazi. Nilitoa kiasi hicho kutoka katika fedha zangu. Naandika hili si kwa kujionesha mkarimu. Aliyemsomea mtu jina mbele ya watu akalipa 200,000 hajalipa ghali.

Zilibaki 180,000. Hapo Mwalimu alipaswa kufanya jambo alilolikwepa kuliko yote, nalo ni kumwambia mama yake kwamba kwa miezi miwili hatatuma kitu. Alinisihi nimpigie mimi. Nilikataa, ila nilikaa pale alipopiga. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha nikamsikia akisema, “Nani alikuambia nataka laki moja kila mwezi? Uliitaja mwenyewe siku uliyopata kazi. Mimi ningekushukuru kwa elfu thelathini.” Siku hizi hutuma 50,000, na wadogo zake hawajaacha shule.

Mambo haya yalinirudisha kwenye vitabu vyangu vya seminari. Mwaka 1462 katika mji wa Perugia, Italia, ndugu Wafransisko walihimiza kuanzishwa kwa nyumba ya mikopo kwa ajili ya maskini, iliyoitwa Monte di Pietà. Mtu aliweka rehani kitu chake, akapewa fedha, akatozwa kiasi kidogo cha kuwalipa wahudumu. Wanateolojia waligombana kwa miaka mingi wakiuliza kama hata hicho kidogo si riba iliyokatazwa, mpaka Papa Leo X na Mtaguso wa Tano wa Laterano walipoziidhinisha nyumba hizo mwaka 1515. Nilipokuwa mwanafunzi niliona ni mabishano ya watu wenye nafasi nyingi. Siku hizi naona walikuwa wakiuliza swali ambalo kila kijana anapaswa kumwuliza mkopeshaji: hii ada ni ya nini, na inakatwa lini?

Liko swali la pili, nalo nimelijifunza kwa mhasibu wa SACCOS yetu. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi unaweza kuwa mikopo miwili tofauti. Ikiwa riba inapigwa kila mwezi juu ya kiasi chote ulichokopa mwanzoni, utalipa 24,000 mara 12, yaani riba ya 288,000. Ikiwa inapigwa juu ya salio linalopungua kadiri unavyorejesha 100,000 kila mwezi, utaanza na 24,000, mwezi wa pili 22,000, hadi 2,000 mwezi wa mwisho, jumla 156,000. Maneno ni yale yale, “asilimia 2”, na tofauti ni 132,000. Basi msiulize asilimia peke yake. Ulizeni: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi? Mkopeshaji asiyeweza kulijibu hilo kwa tarakimu mbili, mwageni kwa heri.

Katika Injili ya Luka, Bwana wetu anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama, asije akashindwa kuumaliza na watu wakamcheka. Nimelihubiri fungu hilo mara nyingi nikiwaelekea wajenzi wa mnara. Sikuwahi kujihesabu miongoni mwa wale wanaosimama pembeni wakicheka.

Tangu Oktoba 2023 hatusomi tena majina ya wadaiwa wa ahadi katika parokia hii. Kila familia hupewa karatasi yake katika bahasha, kimya kimya, na anayetaka kupunguza ahadi yake huja ofisini akapunguza. Ni kweli makusanyo yalishuka. Paa lililokusudiwa kukamilika 2024 lilikamilika 2025, na masika yale mvua ilituharibia mabenchi sita. Wapo wajumbe wanaoniona nilikosea, nao hunikumbusha kila tunapopanga bajeti.

Mwalimu alirudi kwaya Krismasi ile. Alijiunga na SACCOS, anaweka 20,000 kila mwezi, na andiko hili amelisoma kabla yenu. Alinirekebishia hesabu mahali pawili.

Jumapili hii baada ya Misa ya pili tutakutana ukumbini na vijana wote walioanza kazi hivi karibuni. Mje na hati zenu za mshahara na kalamu. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaandika juu ya kumdhamini mtu mkopo, na yaliyompata katekista wetu mmoja wa zamani.

Nawatakieni Dominika njema.

Tumsifu Yesu Kristo.