Subira Isiyo Mahali Pake



Mwaka juzi mke wangu alitolewa kifuko cha nyongo kilichojaa vijiwe, kwa njia ya matundu madogo ambayo Daktari Erich Mühe aliianza Ujerumani mwaka 1985. Alitobolewa mara nne, tumbo likajazwa hewa, kamera ikaingizwa. Kesho yake tulikuwa nyumbani. Bega likamwuma, daktari alikwisha tuambia kuwa ni ile hewa, na likapoa.

Siku ya nne tumbo likazidi kuuma, homa ikapanda, macho yakageuka manjano. Nami nikamwambia, “Mama watoto, subiri, ni hewa tu.” Binti yetu hakunisikiliza, akaita gari. Kumbe nyongo ilikuwa ikivuja tumboni! Madaktari wakapitisha mpira kinywani mpaka kwenye mfereji wa nyongo, na uvujaji ukakoma. Alhamdulillahi, akapona.

Wengi hupona upesi. Wanaojeruhiwa mfereji huo hawafiki mmoja katika 100. Lakini kidonda kidogo kisitudanganye. Homa, umanjano au maumivu yanayozidi yakitokea, mrudisheni mgonjwa hospitali siku ile ile.

Miaka mingi nimefundisha watoto subira. Binti yangu alinifundisha kuwa kujitibu nako ni amri ya dini.