Kicheko cha Sam-soon: Ufanisi na Udhaifu wa Ramsa ya Kikorea

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Kim Sam-soon, mhusika mkuu wa tamthilia ya runinga Nae Ireumeun Kim Sam-soon, yaani 'Jina Langu ni Kim Sam-soon', hana imani na lake. Sam katika Kikorea ni tatu, naye ni binti wa tatu wa marehemu mwenye kinu. Jina hilo lina harufu ya shamba na ya zama zilizopita, na aghalabu huzua kicheko. Azma yake ni kulibadilisha kisheria aitwe Kim Hee-jin. Ramsa hii ya kimapenzi, iliyoonyeshwa Korea Kusini na kituo cha MBC mnamo Juni na Julai 2005 katika vipindi 16, inauliza swali zito kwa njia nyepesi: nani ana haki ya kucheka, na anamcheka nani?

Ufanisi wake wa kwanza umo katika usawiri wa mhusika. Kwa hesabu ya Kikorea Sam-soon ametimiza miaka 30. Ni mnene kiasi, ana ulimi mkali, na ni fundi wa keki aliyesomea kazi yake Paris. Mwigizaji Kim Sun-a aliongeza uzito kwa ajili ya nafasi hiyo. Mkesha wa Krismasi, baada ya kumfumania mpenziwe hotelini na mwanamke mwingine, Sam-soon analia katika choo cha wanaume huku vipodozi vikimchuruzika mashavuni. Mtazamaji anacheka, lakini anacheka akiwa upande wake. Kicheko hapa ni ngao ya mnyonge.

Aidha, kazi yake si pambo la hadithi. Sam-soon anaingia katika mkahawa wa Hyun Jin-heon kwa ustadi wa mikono yake, wala si kwa huruma ya mtu. Mapenzi yanapoyumba, ustadi huo unabaki naye, na mwishowe yeye na dada yake wanaanzisha biashara yao ya keki.

Hata hivyo, msuko umejaa vitu vilivyozoeleka. Kuna kijana wa familia tajiri, mama mwenye hoteli asiyemtaka mkaza mwana wa hali ya chini, na mkataba wa mapenzi bandia unaotiwa saini kwa won milioni 50 ili nyumba ya akina Sam-soon isipotee. Kisha mpenzi wa zamani anarejea na siri ya saratani ya tumbo. Mtazamaji mzoefu hubashiri mengi kabla hayajatukia. Lakini ndani ya mazoea hayo mna ubunifu: mpenzi huyo, mwembamba na mrembo, anaitwa Hee-jin. Jina ambalo Sam-soon amelitamani maisha yake yote tayari lina mwenyewe.

Udhaifu mkubwa zaidi ni usawiri wa Jin-heon. Anaukejeli unene wa Sam-soon, anamfokea, anamvuta mkono bila hiari yake, na anasitasita baina ya wanawake wawili huku wote wakiumia. Tamthilia inamtetea kwa msiba wake: ndiye aliyekuwa akiendesha gari katika ajali iliyowaua kaka yake na shemeji yake. Huzuni hueleza ukali wa mtu; haiuhalalishi. Muziki mchangamfu unapopigwa juu ya matendo hayo, mtazamaji anaalikwa kucheka pamoja na mwenye nguvu. Kicheko kilichokuwa ngao kinageuka pazia la kufunikia dhuluma. Tamthilia ilipotolewa upya mwaka 2024 katika vipindi 8, kasoro hiyo ilikuwa bayana zaidi kwa kizazi kilichojifunza kuita mambo hayo kwa majina yake.

Pamoja na hayo, hatima yake inaiokoa na kasoro nyingi. Hakuna harusi inayotatua kila jambo, na mama wa Jin-heon hajatoa radhi yake. Sam-soon anabaki na jina lile lile alilolionea haya. Halijabadilika hata herufi moja. Aliyebadilika ni mwenye jina. Ramsa inayomfikisha mhusika wake hapo imestahili kutazamwa, na pia imestahili kuhojiwa kila inapotuchekesha palipohitaji kutukasirisha.